Mama Deki Atafuta Chumba

Siku barua ya chuo cha uuguzi ilipomfikia, wenzake wa wodi ya wazazi walimpigia vigelegele, halafu wakamuuliza kama ana akili timamu. Mama Deki alikuwa na miaka arobaini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumikia hospitali ndogo ya mji wao akiwa mhudumu: kupiga deki, kumwaga vyombo vya wagonjwa, kutandika vitanda, kubeba mashuka machafu kwenda kufuliwa, na kuwashika mkono wanawake wenye uchungu pale wauguzi walipokuwa wachache. Jina la Mama Deki alipewa na daktari mmoja kwa utani, naye akalibeba bila aibu, kwa sababu sakafu yake iling'aa na za wengine zilinuka. Kilichomkera ni kimoja tu. Mara kumi kwa siku aliambiwa apishe: pisha daktari apite, pisha muuguzi apite, pisha wanafunzi wapite. Alipisha miaka yote hiyo mpaka akachoka kupisha.

Shule aliiachia kidato cha pili kwa kuwa nyumbani hakukuwa na ada, ndivyo alivyojua. Mitihani ambayo wenzake waliifanya wakiwa na chunusi, yeye aliifanya akiwa na miwani ya kusomea, katika masomo ya jioni, na aliifaulu. Watoto wake wawili walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Mume alikwenda zake zamani, na hakuna aliyehangaika kumtafuta. Kwa hiyo hakuwa na la kumzuia, isipokuwa chumba.

Chuo kilikuwa kwenye jiji kubwa, mwendo wa saa tano kwa basi, na kilikuwa na sharti lake. Mwanafunzi wa uuguzi huingia wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hivyo ni lazima akae mahali ambapo anaweza kufika hospitali ya chuo kwa miguu ndani ya nusu saa. Kila mmoja alipewa karatasi ya makazi, isainiwe na mwenye nyumba, irudishwe Jumatatu, siku ya kwanza ya zamu. Asiyekuwa nayo, nafasi yake hupewa walio kwenye orodha ya kusubiri, na orodha ilikuwa ndefu. Mabweni yalikuwepo, lakini ni ya walio chini ya miaka ishirini na mitano. Karani wa makazi alimwambia hivyo bila kuinua macho, kisha akayainua, kisha akasema pole mama, utadhani umri ni maradhi.

Ilikuwa Alhamisi. Mama Deki akajifunga kibwebwe, akamtafuta dalali. Akampata mmoja mwenye kitambi na kitita cha funguo, aliyeitwa Chapchap ingawa hakuna alichokifanya haraka.

Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba aliwakaribisha vizuri, akachungulia nyuma ya mgongo wa Mama Deki, akauliza mwanafunzi mwenyewe atafika lini. Alipoambiwa ndiye huyu, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Nyumba ya pili, kijana aliyekaa barazani aliwaambia wazi kwamba wao ni wanafunzi tisa, wanaishi kwa raha zao, na hawawezi kupiga muziki mama wa mtu akiwa chumba cha pili. Ya tatu walimwonyesha chumba chenye godoro tayari. Yeye kwa mazoea ya wodi akainua pembe ya godoro, akapitisha ukucha kwenye mshono, akatoka na kunguni, akamwekea mwenye nyumba kiganjani. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile yeye kukataa nyumba badala ya nyumba kumkataa yeye, na Chapchap alicheka mpaka akashika ukuta.

Ya nne haikuwa ya kuchekesha. Mwenye nyumba, mzee aliyevaa suti asubuhi, aliuliza mwanamke wa umri ule anayetaka chumba cha peke yake amekimbia nini huko kwao. Mama Deki akamwambia amekimbia watu wanaouliza maswali kama hayo. Wakatoka.

Ijumaa hivyo hivyo. Jioni Chapchap alikaa kwenye ukingo wa mtaro, akavua kiatu kimoja, akampa ushauri wa kitaalamu. Alisema shida si vyumba, shida ni maneno. Aseme tu chumba ni cha binti yake. Wazazi wanaotafutia watoto wao vyumba wanapokelewa kama wafalme. Akishaingia, nani atakuja kuhesabu miaka?

"Nimesoma mwenyewe," Mama Deki akamwambia, "mtihani nimefaulu mwenyewe, na barua ina jina langu. Chumba nitapanga mwenyewe."

Chapchap akavaa kiatu chake. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa dalali, na dalali hawezi kuona mlango umefungwa akaacha kujaribu funguo zote alizonazo. Usiku huo akampigia simu mwenye nyumba mmoja, akamwambia kesho analeta mzazi. Mama Deki hakuambiwa.

Nyumba ile ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka hospitali ya chuo, na mwenyewe aliitwa Matroni. Alikuwa amewalea wasichana wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, akastaafu, akajenga vyumba vinane, akawajaza wasichana tena. Wote walikuwa wanafunzi. Ua ulifagiwa ukafagika, kamba za nguo zilikuwa na zamu, na kwenye mlango wa choo palibandikwa ratiba ya usafi yenye majina. Mama Deki aliisoma ratiba hiyo kuanzia juu hadi chini, akahisi amefika kwao.

Chumba namba nne kilikuwa na kitanda cha chuma, meza, na dirisha lililofunguka lote. Akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo wavivu hawafiki. Kidole kikatoka kisafi. Matroni aliliona tendo hilo na likampendeza sana, akaanza kueleza kanuni zake kwa furaha. Mwanafunzi anarudi kabla ya saa moja jioni, akiwa na zamu anaaga. Mwanafunzi hapiki chumbani. Mwanafunzi haleti mgeni wa kiume, hata akisema ni binamu. Mama Deki akawa anaitikia kila moja, maana mwanafunzi ni yeye.

Kisha ikatoka fomu. Matroni akauliza jina la mwanafunzi, Mama Deki akalitaja lake kamili, likaandikwa. Halafu Matroni akaweka kidole chini ya karatasi, akasema saini hapa. Na hapo ndipo palipoharibika. Mtu aliyekaa wodini miaka ishirini na miwili amesaini kitabu cha makabidhiano kila alfajiri na kila jioni: mashuka kadhaa, ndoo kadhaa, wagonjwa kadhaa. Hakuna mhudumu anayesoma. Anasaini kidole cha sista kilipo, anawahi kazi. Mama Deki akasaini kidole kilipo. Kilikuwa kwenye mstari wa mzazi au mlezi.

Karatasi ya makazi Matroni hakuisaini siku hiyo. Alisema yeye huisaini pale mwanafunzi akishaingia na mizigo yake, kwani amewahi kuchezewa. Sawa, akasema Mama Deki, kesho.

Jumapili saa tatu asubuhi alikuwa getini na godoro lililoviringishwa, begi, na ndoo yake mwenyewe. Matroni alifungua, akachungulia kulia, akachungulia kushoto.

"Karibu. Mwanao yuko wapi?"

Mama Deki alizoea swali hilo, lakini si kutoka kwa mtu aliyekwisha kumwonyesha chumba. Akasema mwanawe yuko kazini kwake, mji mwingine kabisa. Anayehamia ni yeye. Matroni akaingia ndani, akarudi na fomu, akamwonyesha mstari. Wakaisoma pamoja. Mama Deki akaeleza habari za kitabu cha makabidhiano, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia mjinga, na kadiri alivyojisikia mjinga ndivyo hasira ilivyompanda, si kwa Matroni, kwa nafsi yake. Kumbe muda wote ule alipokuwa anaonyeshwa chumba kwa tabasamu, tabasamu halikuwa lake.

Matroni hakuwa mkorofi. Alisema ana wasichana wa miaka kumi na tisa. Ukiwawekea mtu mzima katikati yao, ama atakuwa mama yao, na mama hapa yupo, ama watamfanya ngao. Na yeye atamwambiaje mwanamke wa rika lake arudi kabla ya saa moja? Akichelewa, atampigia nani simu?

"Kanuni zangu hazina mlango wa nyuma," akamaliza. "Kila mwanafunzi unayemwona hapa aliletwa na mzazi wake, akasaini mbele ya macho yangu. Wewe mzazi wako nani?"

Alilisema kama mtu anayefunga mjadala. Mama Deki akalipokea kama swali.

"Yupo," akasema. "Nitamleta leo."

"Leo nafunga geti saa kumi na mbili jioni."

"Atakuwa amefika."

Mama yake alikuwa na miaka sabini na miwili, goti moja bovu na ulimi mzima kabisa. Mama Deki alimpigia akiwa amesimama palepale getini, akaeleza kwa kifupi, akijiandaa kusikia kwamba goti linauma, kuku hawana mtu, na kwani chuo hakiwezi kusubiri. Mama yake aliuliza basi linaondoka saa ngapi. Akaambiwa saa nne. Akakata simu.

Mama Deki akakunjua godoro nje ya geti, pembeni mwa barabara, akavua viatu, akaketi, akafungua daftari la mifupa ya mwili. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda, na hata kama angekuwa napo asingekwenda. Jua lilipanda. Wapita njia wakaanza kumpa pole. Mmoja akauliza kwa sauti kama mwenye nyumba ametupa vitu vya mpangaji nje siku ya Jumapili, mwingine akasema watu siku hizi hawana utu, na Matroni, aliyekuwa anasikia yote upande wa pili wa ukuta, akatoka.

"Unaniharibia jina," akasema.

"Hii ni barabara, Matroni. Kanuni zako nazifuata zote. Zinaanzia hapo getini."

Matroni akarudi ndani. Ikawa zamu ya wasichana, mmoja mmoja, kuja kutazama. Mama Deki hakuwatazama. Alikuwa kwenye mifupa ya mguu, na hiyo ni mingi. Msichana wa chumba namba mbili, wa mwaka wa pili, akachuchumaa karibu na godoro, akamuuliza kama ni kweli kwamba amewahi kushuhudia uzazi. Akajibiwa kwamba ameacha kuhesabu. Basi akauliza ambacho kilimtisha: mama akishajifungua na kondo la nyuma likakawia kutoka, unafanya nini na mikono yako wakati unamsubiri mkunga? Mama Deki akamwonyesha kwanza pa kutoiweka mikono hiyo. Usivute, akamwambia. Wanaovuta ndio wanaoua. Mkunga anaitwa kwa mdomo, mikono inabaki kwa mama, umfunike asipate baridi, na macho hayatoki kwenye damu. Walipomaliza palikuwa na wasichana watano na madaftari, na Matroni alikuwa amesimama mlangoni akiwa na ufagio ambao haufagii.

Saa nane Chapchap alifika anatweta, akiwa na habari njema na uso wa mtu mwenye hatia. Alikuwa amempata bibi mmoja mtaa wa pili, mzee wa sura nzuri, aliyekuwa tayari kuja kuwa mama wa Mama Deki kwa dakika ishirini. Mama Deki akamtazama mpaka yeye mwenyewe akaona aibu. Ndipo alipomwambia kuhusu ile simu ya Ijumaa usiku, kwamba ni yeye aliyesema analeta mzazi. Mama Deki akamwambia asogeze godoro kivulini, na asiondoke, maana kuna mtu mzima wa kumpokea.

Saa kumi na robo pikipiki ilisimama. Juu yake, ameketi upande, fimbo mapajani, mkoba kifuani, alikuwa mama yake. Chapchap akamteremsha. Bibi akalitazama godoro lililo barabarani, akamtazama binti yake aliye juu yake, akauliza mlango uko wapi.

Matroni alikuwa amezoea kuamkiwa. Sasa akajikuta yeye ndiye anayeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mwanafunzi."

Bibi hakuharakisha. Alitaka kuona chumba kwanza, kama mzazi mwingine yeyote. Akakaa kitandani, akakitikisa, akauliza choo wanatumia wangapi na maji yakikatika inakuwaje. Matroni akajibu yote. Kisha kwa mazoea, kwa sababu mbele yake palikuwa na mzazi na fomu, akaanza kusoma kanuni. Kurudi kabla ya saa moja. Kutopika chumbani. Alipofika kwenye wageni wa kiume sauti ikamkwama kidogo. Bibi akageuza shingo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama," akasema Mama Deki, mwanamke mwenye mvi.

Nje ya dirisha msichana mmoja aliangua kicheko, akazibwa mdomo na wenzake. Matroni hakucheka. Akaweka fomu mezani, mpya, akaishikilia kwa vidole viwili.

"Mama, nikuulize kwa heshima," akasema. "Huyu ni mtu mzima kama mimi. Wewe una miaka yako, unakaa mbali. Unamdhamini vipi?"

Bibi akaiweka fimbo sakafuni.

"Huyu shule aliacha akiwa na miaka kumi na minne," akasema. "Alikuwa wa tatu katika darasa lao. Nilikuwa nimejifungua mapacha, nikataka mtu wa kuwabeba nikiwa shambani. Mwalimu mkuu alikuja mpaka nyumbani na karatasi. Akasema ada ameshapata mfadhili, mama, wewe saini tu. Nikamwambia mtoto ni wangu. Sikusaini. Huyu nikamwambia ada imekosekana." Akamtazama binti yake. "Hajaniuliza mpaka leo. Mimi nimekaa miaka thelathini na minne nangoja aniulize, haulizi. Asubuhi kanipigia simu kwamba kuna karatasi inataka mzazi. Nipe kalamu."

Mama Deki alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alikuwa amemhurumia mama yake maisha yake yote kwa ajili ya ada ile. Alikuwa amewahurumia wote wawili. Sasa huruma ilikuwa haina pa kukaa, na mahali pake palikuja ghadhabu kubwa, ghadhabu ya mtoto wa miaka kumi na minne aliyebebeshwa mapacha na kuambiwa ni umaskini.

Matroni akatoa kalamu. Bibi akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizoachana, polepole, kwenye mstari wa mzazi au mlezi, na alipomaliza akalipitia tena herufi moja moja kuhakikisha halina kasoro.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Deki akauliza.

"Ungenichukia."

"Ningekuchukia, ndiyo. Na hivi sasa nakuchukia."

"Sawa," mama yake akasema. "Nichukie ukiwa darasani."

Matroni aliivuta karatasi ya makazi, akaisaini, akapiga na muhuri wake wa zamani wa bweni ambao hakuna aliyemwomba. Mama Deki aliichukua. Safari hii aliisoma yote, mstari kwa mstari, kuanzia jina la mwanafunzi, huku mama yake akisubiri na Matroni akisubiri, na hakumpisha mtu mpaka alipoimaliza.